Gari Jipya la Kale: Uhakiki wa Hotirodi na Tangazo Lake

Katika uhakiki tumezoea kuanza na kazi ambayo watu wote wanakubali kuwa ni ya sanaa: utenzi, tamthilia, kinyago, mlango wa nakshi. Safari hii twaanza na kitu ambacho wengi wangesita kukiweka katika kundi hilo, nacho ni gari linalouzwa. Ni gari la wazi la watu wawili, lisilo na paa la kudumu wala vioo vya kupandisha milangoni, aina ambayo Wamarekani huiita rodsta. Madigadi yameondolewa, ekseli ya mbele imeshushwa, injini ni kubwa kupita kiasi cha mwili wake, na umbo lote ni la magari ya Ford yaliyotoka kiwandani kati ya mwaka 1928 na 1932. Hata hivyo gari lenyewe limeundwa juzi. Muuzaji halifichi jambo hilo, bali hulitangaza kwa fahari: gari ni jipya, na papo hapo ni la kale. Magari ya namna hii huitwa hotirodi, na kwao ni California.

Msomaji ana haki ya kuuliza mkusanyo wa insha za utamaduni wa taifa una shughuli gani na gari la California. Twamwomba atuvumilie kidogo. Kitu cha jadi kinapoundwa upya ili kipelekwe sokoni, ni nini hasa kinachouzwa, na ni nani anayepata sifa yake? Swali hilo linawahusu wachonga vinyago na maseremala wetu kama linavyowahusu mafundi wa California, na pengine ni rahisi zaidi kulitazama kwanza katika kazi ya wageni, ambayo haitugusi penye kidonda.

Ili tulihukumu gari hili kwa haki, yatupasa kujua lilikotoka. Mwaka 1913 Henry Ford alianza kuunganisha magari kwa mkanda unaotembea katika kiwanda chake cha Highland Park, Michigan. Mfanyakazi alisimama mahali pamoja, kazi ikamfuata, akafunga bolti ileile kutwa. Mwaka 1914 ujira ulipandishwa kufikia dola 5 kwa siku, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba watu walikuwa wakiichoka kazi hiyo na kuikimbia kwa wingi. Gari la Model T lililotokana na utaratibu huo lilizidi milioni 15 hadi lilipoachwa mwaka 1927, na kuanzia 1914 hadi 1925 lilitoka kwa rangi moja tu, nyeusi. Kwa upande wa manufaa lilikuwa jambo kubwa, kwani mkulima na kibarua waliweza kulinunua. Kwa upande wa fani kilikuwa chombo kisicho na mkono wa mtu. Hapakuwa na hata mmoja miongoni mwa maelfu wale aliyeweza kulinyooshea kidole barabarani akasema, lile nimeliunda mimi.

Mwaka 1932 Ford alitoa gari lenye injini ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, yenye inchi za ujazo 221 na nguvu za farasi 65. Injini za silinda nane zilikuwako kabla ya hapo, lakini katika magari ya mabwanyenye. Sasa zikawa katika gari la bei ya mtu wa kawaida; na gari la mtu wa kawaida, kama tujuavyo sote, halikawii kuchakaa na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Hapo ndipo lilipoangukia mikononi mwa vijana wa kusini mwa California.

Katika jangwa la Mojave, upande wa kaskazini wa Los Angeles, kuna maziwa yaliyokauka ambayo sakafu yake ni tambarare na ngumu. Lililo mashuhuri kati yake ni Muroc. Vijana walikwenda huko na magari yao kushindana kwa mwendo, na mwaka 1937 vilabu vyao vikaunda chama cha kupima mwendo huo kwa utaratibu, Southern California Timing Association. Vita ilipokuja Muroc ilichukuliwa na jeshi la anga. Vita ilipokwisha, vijana walirudi wakiwa na ujuzi walioupata katika viwanda na karakana za jeshi, na mashindano yakaendelea katika ziwa kavu la El Mirage. Mwaka 1946 Bill Burke alilichukua tangi la mafuta lililokuwa likining'inizwa chini ya ndege ya vita, akaligeuza kuwa mwili wa gari la mbio. Januari 1948 Robert Petersen na Robert Lindsay walitoa toleo la kwanza la gazeti la Hot Rod, na mwaka 1949 mashindano yakafika kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, katika jimbo la Utah.

Sasa na tuitazame kazi yenyewe. Yule kijana alifanya nini? Aghalabu hakuongeza; alipunguza. Aling'oa madigadi kwa sababu yana uzito na yanakamata upepo. Aliondoa paa, akaondoa boneti za pembeni ili injini ipate hewa, akaondoa kila bati lisilofanya kazi. Aliishusha ekseli ya mbele ili gari lilale karibu na ardhi, akaweka magurudumu makubwa nyuma na madogo mbele kwa ajili ya uwiano wa mwendo. Kila mstari wa umbo lile ambalo leo twaliita zuri ulikuwa na sababu yake. Tukitumia istilahi zetu tutasema kwamba fani ilizaliwa na maudhui, na maudhui yake yalikuwa kwenda mbio kwa gharama ndogo. Twaweza kusema zaidi ya hapo. Hotirodi ya kwanza ilikuwa yenyewe ni uhakiki. Kijana aliisoma kazi ya kiwanda kama mhariri asomavyo mswada, akafuta kila alichoona ni maneno ya bure, na mwisho wake gari ambalo halikuwa na mkono wa mtu likapata mkono.

Hatutaki, hata hivyo, kumfanya kijana huyo shujaa wa wavujajasho. Aliishi katika nchi ambamo gari zima liliweza kuokotwa kwenye rundo la vyuma chakavu, na hilo lenyewe ni utajiri. Isitoshe, mashindano hayakubaki jangwani. Yalihamia barabara za mijini, na watu walikufa. Twataja haya kwa sababu waandishi wengi wa mambo ya hotirodi huyaruka.

Fani ikisha kupendwa huanza kuishi peke yake. Mwaka 1950, katika maonyesho ya Oakland, palitolewa kwa mara ya kwanza tuzo ya rodsta nzuri kuliko zote za Marekani, nayo ikaenda kwa Bill NieKamp kwa gari lake la Ford la mwaka 1929. Gari lile bado lilikuwa na miguu katika pande zote mbili, kwani baada ya kushinda kwa uzuri lilipelekwa pia kukimbia kwenye ziwa kavu. Lakini njia ilikuwa imefunguliwa. Mwisho wa miaka ya 1950 Ed Roth alianza kufinyanga bodi kwa plasta na nyuzi za kioo, bila kufuata umbo la gari lolote la kiwandani. Beatnik Bandit, lililo maarufu sana kati ya magari yake, lilikuwa na kuba angavu la plastiki mahali pa paa, na liliongozwa kwa mpini mmoja badala ya usukani. Mwaka 1963 mwandishi Tom Wolfe alichapisha katika gazeti la Esquire makala ndefu juu ya mafundi hao, akawaita wasanii bila kuomba radhi kwa mtu. Twadhani alikuwa na haki.

Halafu likatokea jambo ambalo kwa mhakiki ni la ajabu kuliko kuba la Roth. Mwaka 1973 filamu ya American Graffiti ya George Lucas ilionyesha hotirodi ya manjano ya mwaka 1932 ikizunguka mjini usiku mmoja wa mwaka 1962. Ilikuwa imepita miaka 11 tu, na tayari watazamaji walililia gari lile kama walilialo marehemu. Tangu hapo hotirodi iligeuza uso ikatazama nyuma. Mwaka 1997 maonyesho ya Pebble Beach, ambako matajiri hupanga magari yao ya thamani juu ya nyasi, yalifungua kwa mara ya kwanza daraja la hotirodi, na ushindi ukaenda kwa gari la mwaka 1932 lililokuwa limeundwa na Doane Spencer katika miaka ya 1940. Chombo kilichokuwa kikifukuzwa na polisi kikapewa kivuli na viti.

Na hapa ndipo tunapolikuta gari letu linalouzwa. Tulisome tangazo lake kama tusomavyo kazi nyingine yoyote, kwa maana matangazo ya aina hii yamekuwa na fani yake, na mtu akisoma matano amesoma mia.

Tangazo huanza kwa mwaka na jina: Ford ya mwaka 1929, au 1932. Halafu hufuata orodha. Bodi ni mpya, ama ya nyuzi za kioo, ama ya chuma. Kwa maana ipo kampuni huko Ohio, Brookville Roadster, inayokanyaga upya mabati ya magari yale kwa vipimo vya asili. Fremu nayo ni mpya. Injini aghalabu ni ya Chevrolet, ya inchi za ujazo 350, aina ambayo haikuwako kabla ya mwaka 1967. Ekseli ya nyuma ni ya Ford, ya muundo ulioanza mwaka 1957. Gia hujibadilisha zenyewe, breki za mbele ni za sahani, viti vimeshonwa kwa mikunjo minene, matairi yana ukingo mweupe mpana. Kisha hutajwa umbali ambao gari limekwenda tangu lijengwe, nao ni mdogo kiasi cha kutia huruma. Mwisho ni bei.

Kwa hiyo katika Ford ya mwaka 1932 huenda pasiwe na kipande hata kimoja cha mwaka 1932, na moyo wake ni wa mshindani wa Ford. Serikali yenyewe imelazimika kuingia katika fumbo hili. Kwa sheria iliyopitishwa California mwaka 2001, magari 500 kwa mwaka kati ya yale yaliyoundwa na watu binafsi huweza kupimwa moshi kwa kipimo cha mwaka ambao bodi yake inafanana nao, au kwa mwaka wa injini yake. Gari lisilofanana na gari lolote lililowahi kutoka kiwandani huhesabiwa kuwa la mwaka 1960. Ndiyo kusema karani wa magari amepewa kazi ya mhakiki: hulitazama umbo, akaamua ni la zama zipi.

Je, gari kama hili ni la uongo? Wapo wanaojibu upesi kwamba ndiyo. Sisi twasita. Mshairi wa leo anayetunga kwa vina na mizani za mababu hasemi uongo. Mtindo si mali ya marehemu peke yao. Ni wa yeyote aliyejifunza akaumudu. Katika miaka ya 1970, hasa baada ya Kichomi cha Kezilahabi kutoka mwaka 1974, washairi wetu walibishana vikali juu ya ulazima wa vina, lakini hata waliovikataa hawakusema kwamba mwenye kuvitumia ni mwizi. Lakini mshairi huyohuyo akiuchovya mswada wake katika maji ya chai, akauanika juani, akaupeleka kwa mnunuzi kama waraka wa kale, hapo amevuka mpaka. Shairi halijabadilika hata silabi moja, lakini kazi imekuwa ya ulaghai.

Kipimo hicho kitatusaidia. Hotirodi mpya yenye umbo la kale na rangi safi, inayosema wazi kwamba ni mpya, ni sawa na utenzi mpya. Tunaweza kuupenda au kuuchoka, lakini hautudanganyi. Ipo lakini aina nyingine inayoshamiri, ambayo bodi yake mpya hunyunyiziwa tindikali ili ishike kutu, au huchorwa kutu kwa brashi, rangi ikakwanguliwa mahali ambapo mkono wa dereva ungepapasa kwa miaka 60, pengine na jina la karakana isiyowahi kuwako likachorwa mlangoni na kufifishwa kwa msasa. Kisha juu ya kutu hupigwa vanishi, ili kutu isije ikafanya kazi yake. Hii twaikataa. Kutu ni kumbukumbu ya mvua, na mkwaruzo ni kumbukumbu ya safari. Gari lile halikunyeshewa wala halikusafiri.

Tusijifanye kwamba mambo haya ni ya Marekani tu. Katika masoko yetu viko vinyago vya mti mweupe vilivyopakwa rangi ya viatu ili vionekane vya mpingo, na yako makasha mapya yaliyotiwa mafuta na moshi ili mtalii ayaamini kuwa yalivuka bahari na babu wa mtu. Mchongaji wa kinyago kile pengine ana mkono mwema. Rangi ya viatu inamwibia yeye kabla haijamwibia mtalii, kwa sababu inamfundisha mnunuzi kulipia mti na umri badala ya kulipia kazi.

Turudi kwenye tangazo, kwa maana hatujafika kwenye lile linalotusumbua zaidi. Sentensi zake hazina watenda. Gari limejengwa, viti vimeshonwa, rangi imepigwa, fremu imechomelewa. Kiswahili kina tabia nzuri katika kauli ya kutendwa: msikilizaji hungojea neno moja dogo. Limejengwa na nani? Vimeshonwa na nani? Tangazo halijibu. Hutaja kwa uangalifu jina la kiwanda cha kabureta, jina la kiwanda cha geji, jina la kiwanda cha matairi. Watu waliovileta vitu hivyo vyote pamoja vikawa chombo kimoja, wao hawamo. Wahenga wetu walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Muuzaji wa hotirodi anataka tuone vyaelea, basi.

Itasemwa kwamba tangazo ni tangazo, na mwenye kutaka majina asome vitabu. Itasemwa pia kwamba mafundi wa hotirodi wako waliopata majina makubwa, kama Boyd Coddington, aliyefariki mwaka 2008, ambaye jina lake peke yake lilipandisha bei ya gari. Ni kweli. Lakini jina la namna hiyo ni alama ya karakana, kama lilivyo jina la Ford mwenyewe. Mchomeleaji aliyeajiriwa ndani ya karakana ile hurudi kule alikokuwa yule mfunga bolti wa Highland Park. Na wako waliokuwa mbali zaidi na sifa. Katika miaka ya 1950 na 1960 vijana wa California walivuka mpaka wakaenda Tijuana, Meksiko, kushonewa viti, kwa sababu mafundi wa huko walishona vizuri na kwa bei ndogo. Ile mikunjo minene ambayo matangazo ya leo huitaja kama alama ya mtindo wa asili ilipitia katika vidole vyao. Historia za hotirodi huukumbuka mji. Majina ya washonaji hayamo.

Jambo lingine ni la fani. Miongoni mwa wapenzi wa mtindo wa kale pamezuka sheria kali. Gari la mtindo wa mwaka 1948, husema, halipaswi kuwa na hata bolti ya mwaka 1955. Huinama chini ya gari na tochi kuhesabu makosa. Tunaiheshimu elimu yao, ambayo ni kubwa kweli, na bila wao vipande vingi vya historia vingeyeyushwa. Lakini kijana wa Muroc alitia chochote alichokipata kilichokuwa bora, na kama angeipata injini ya mwaka 1967 angeitia bila kuuliza. Roth, kwa makosa yake yote ya ladha, alikuwa karibu naye kuliko hao. Wamelihifadhi jibu lake, wameliacha swali lake.

Kwa ajili hiyo ile injini ya Chevrolet ndani ya bodi ya Ford, ambayo wenye sheria kali huikejeli, sisi twaiona kuwa sehemu ya kweli kuliko zote katika gari linalouzwa. Imewekwa kwa sababu ni rahisi, ina nguvu, na vipuri vyake hupatikana kila mahali. Ndiyo hoja ileile iliyowang'oa madigadi wazee wake. Fundi wa daladala za bodi za mbao kule Zanzibar angeielewa bila kufasiriwa: hupewa fremu na injini ya lori dogo kutoka ng'ambo, naye hujenga juu yake nyumba ya mbao ya kubebea watu na mizigo, iliyo wazi pembeni ili upepo upite, kwa kuwa joto ni kali na safari ni ndefu. Hakuna aliyemwambia afuate mtindo wa mwaka fulani. Bodi yake hupakwa rangi, huandikwa njia inakokwenda, pengine na usemi wa mwenye gari. Hata hapo, ni mara ngapi tumeona limeandikwa jina la seremala?

Kama tungepewa nafasi ya kusimama mbele ya rodsta ile na muuzaji wake, tungeliacha boneti lilivyo. Tungeomba gari liinuliwe, tutazame mahali fremu ilipochomelewa, kwa kuwa hapo, chini ya rangi na mbali na macho ya mnunuzi, mkono wa mtu huwa umeacha mwandiko wake, uwe wa kujikongoja au wa kunyooka kama mshono wa kanzu. Kisha tungemwuliza muuzaji ni wa nani.